Rafiki Yangu Anayekunywa

Jumatatu, 3 Machi

Siku mbaya. Mbaya kuliko kawaida, na kawaida yenyewe si nzuri.

Asubuhi nilipeleka bango la shule ya chekechea. Nilikuwa nimechora simba. Mwalimu mkuu alilitazama, akainamisha kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili, akauliza kwa upole yule mbuzi ana maana gani. Mbuzi! Nikamwambia ni simba wa kisasa. Akasema watoto wanamwogopa, maana ana macho matatu. Jicho la tatu ni tone la rangi. Mkono ulitetemeka. Siku hizi hauachi kutetemeka mpaka nipate kidogo cha kuutuliza. Nikishapata hicho kidogo mstari unanyooka, halafu baadaye unakwenda unakotaka wenyewe.

Kutoka pale nikaenda zahanati. Sikumwambia mtu. Daktari alinibonyeza tumbo, akanitazama macho, akauliza ninakunywa kiasi gani. Nikasema kidogo. Akauliza kidogo hicho kingejaza chombo gani. Nikasema inategemea. Akaweka kalamu chini. Alisema ini langu linalalamika. Tena nisijaribu kuacha ghafla peke yangu, mwili unaweza kunigeuka. Atanipa dawa za kunivusha siku za mwanzo, nirudi kwake anichunguze, na niende kwenye kikundi cha watu wanaoacha pombe. Wanakutana ukumbi wa jamii, Jumanne na Ijumaa jioni.

Nimekubali. Ndiyo, mimi! Nataka kuacha. Nimeandika hapa nione neno linavyoonekana. Linaonekana dogo.

Kuacha si tatizo. Tatizo ni watu kujua kwamba naacha. Mama mkwe anaishi nasi, na nilishamwambia mbele ya ukoo mzima kwamba pombe mimi naiacha siku nikitaka. Leo nionekane naomba msaada? Na shemeji, mdogo wake mke wangu, aliyekuja kutusalimia mwaka juzi na hajaondoka mpaka leo, atacheka mpaka apasuke.

Mpango: kuacha kimyakimya. Nitawaambia nimejiunga na kwaya ya mtaa.

Nimeshamwambia mke wangu. Akanitazama, akasema vizuri. Kisha akasema vizuri sana, akaingia jikoni, akakaa humo muda mrefu bila kupika chochote. Imepita hiyo!

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda. Nilivaa kofia na miwani ya jua. Ukumbini mle taa zenyewe hafifu, nikaiparamia meza ya chai. Chupa zote za chai chini. Kwa hiyo niliingia bila kutambulika ila kila mtu alinitazama.

Viti vya plastiki, vimepangwa duara. Kiongozi ni nesi mstaafu, mama mfupi mwenye sauti ya kumfanya mtu akunje mkono wa shati mwenyewe. Alisema halazimishwi mtu kusema. Dereva wa malori aliyestaafu, mikono minene kama mikate, alisimulia kwamba ameacha zamani na bado anakuja, maana nyumbani hakuna anayecheka utani wake. Kushoto kwangu mwalimu wa hesabu, mwanamke aliyenyooka mgongo, hakusema neno ila alinisogezea kikombe.

Zamu yangu ikafika. Sikuwa nimejiandaa. Nikasema mimi mwenyewe sina shida, nimekuja kwa niaba ya rafiki yangu. Rafiki yangu ndiye anayekunywa.

Hakucheka mtu. Wakatikisa vichwa. Mwalimu akauliza rafiki yangu anafanya kazi gani. Nikasema anachora mabango. Nikashtuka, nikaongeza haraka: na anacheza mpira. Nesi akauliza kama rafiki analala vizuri. Halali. Anakula? Kidogo. Ana mtu wa kuzungumza naye? Nikatazama dari. Nikasema ana mimi.

“Basi mfikishie salamu zetu,” nesi akasema. “Mwambie kiti chake kipo.”

Wamedanganyika wote! Nimetoka mshindi. Njiani macho yakawasha. Vumbi la ile barabara limezidi.

Alhamisi, 6 Machi

Kwaya imeleta mambo. Mama mkwe ametangaza kwamba nyumba ya mwimbaji haikai kilevi, sauti inakauka. Amemwamuru shemeji atoe bia zake kwenye friji. Nikangoja vita. Shemeji akazitoa bila kununa! Anasema hata yeye tumbo limezikataa. Huyu ndiye aliyeninunia mwezi mzima kwa kukalia kiti chake cha kusikilizia taarifa ya habari. Lazima anaumwa kweli. Nimemwombea. Akizidiwa, kile kiti nitakitunza mimi.

Mama mkwe aliniomba niimbe. Nikajitetea kwamba naimba besi, na besi peke yake haina ladha. Akasema atavumilia. Nikaimba huku naosha vyombo. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema sauti kama hiyo hajapata kuisikia maishani. Nimefarijika.

Sasa ananiletea maji ya moto yenye asali na tangawizi. Ananisimamia nimalize. Kisha ananishika mikono yote miwili, eti anapima kama koo limepata joto. Sijui koo na mikono vinahusianaje. Ila muda wote anapoishika, haitetemeki.

Pigo la siku: karakanani nina kopo limeandikwa TAPENTAINI, kwa herufi zangu mwenyewe, nzuri. Ndani si tapentaini. Dawa za daktari nameza, lakini kopo nililibakiza kwa dharura. Leo naingia nakuta shemeji amechuchumaa, anaosha brashi zangu zote kwa lile kopo. Lote! Tone halikubaki. Anasema alitaka kunisaidia. Brashi zimetakata kuliko zilivyotoka dukani. Nitamgombezaje? Nimwambie amemwaga nini? Ikabidi nimshukuru. Akatabasamu. Adui mkubwa yule.

Ijumaa, 7 Machi

Kikundini wamemuulizia rafiki yangu kabla hawajaniuliza mimi. Nikaona wivu kidogo. Dereva amenipa namba yake ya simu ili rafiki ampigie akibanwa na kiu, saa yoyote ile. Nikamwambia rafiki ana aibu. Dereva akasema basi apige asiseme kitu, yeye ataongea peke yake, amezoea, aliendesha lori miaka mingi.

Shemeji anazidi. Kila nikitoka karakanani namkuta kwenye kona ya baa. Anafanya kazi duka la vifaa vya ujenzi, na kila siku ana kisa kipya cha mteja na bawaba. Ananishika kiwiko, anasimulia, na kisa hakiishi mpaka tumeipita baa na kuiacha mbali. Leo, baada ya kikundi, nimebadili njia. Njia mpya ina baa mbili. Kwenye ya kwanza, nani huyo amesimama na mfuko wa misumari, anahema kama aliyekimbia? Akasema ni bahati iliyoje tumekutana. Mtu hana kazi?

Jumatano, 12 Machi

Ushindi! Mwalimu mkuu aliniruhusu nichore upya. Leo nimelipeleka. Mkono ulinitii tangu sikio la simba mpaka ncha ya mkia. Herufi zimesimama wima. Macho mawili. Watoto walipoliona wakaanza kunguruma, mmoja akamng'ata mwenzake sikio, mwalimu mkuu akacheka mpaka akakaa chini.

Nilitoka pale natembea kama nimekua. Nikatamani kumwambia mtu. Lakini nimwambie nini? Hakuna anayejua nilikuwa napigana na nini, kwa hiyo hakuna wa kunipongeza.

Nimefikiri vizuri. Mtu ambaye bado anakunywa hapaswi kunywa. Lakini mtu aliyekwisha kuacha, kama mimi, anaweza kunywa moja ya kusherehekea kuacha, kwa kuwa ameshaacha. Hoja haina tundu. Naenda mara moja narudi.

Alhamisi, 13 Machi

Nilirudi na kiatu kimoja.

Hakunigombeza mtu. Afadhali wangenigombeza, nilikuwa na majibu. Mama mkwe alileta asali na tangawizi kama kawaida, akanishika mikono. Ilitetemeka mbele yake bila haya. Hakuuliza kuhusu koo. Shemeji alitoka asubuhi, akarudi na kiatu cha pili, ameshakipangusa, akakiweka kando ya mwenzake.

Na mke wangu. Muda sasa analala chumbani kwa mama yake, anasema ninakoroma. Nilipofumbua macho asubuhi alikuwa kwenye kiti kando ya kitanda changu, amesinzia hapohapo alipokaa, mkono ameunyoosha, kidole kiko mbele ya pua yangu. Labda alikuwa ananifukuzia nzi.

Nimekwenda kwa daktari. Hakushangaa. Alinipima, akasema watu huanguka, kilichomleta mtu kwake asubuhi yake ndicho anachokitazama yeye. Nikasema ni miguu iliyonileta. Akasema basi niishukuru.

Mpango mpya: sirudi tena kikundini. Kesho nitapita kuwaaga. Nitawaambia rafiki yangu amehamia nje ya nchi.

Ijumaa, 14 Machi

Nilijizoeza njia nzima. Amehama. Amepata kazi. Amewasalimu sana.

Nesi akauliza, rafiki yangu hajambo? Nikafungua mdomo niseme amehama. Nikasema amekunywa.

 Nilitaka kuishia hapo, ikashindikana, maneno yakawa yanatoka yenyewe. Nikawaambia rafiki yangu hakuwa na huzuni hata kidogo. Alikuwa na furaha, furaha ambayo hajaipata siku nyingi, na hilo ndilo linalomtisha. Kama huzuni inampeleka baa na furaha nayo inampeleka baa, akae wapi sasa?

Mwalimu wa hesabu, ambaye hajapata kusema zaidi ya sentensi moja, akasema akae hapa. Akifurahi tena aje kwanza kwao. Wao pia wanajua kushangilia, hawana tu sababu za kutosha.

Dereva akainuka. Akavuka duara lote taratibu, magoti yanamsumbua, akanikumbatia. Ananuka sabuni ya kipande. Akaniambia sikioni:

“Hii si yako. Ni ya rafiki yako. Umpelekee.”

Nikamwahidi. Kutoka pale nilipita karakanani, nikafunga mlango, nikakaa kwenye ndoo ya rangi nikamfikishia. Ilichukua muda.

Sijawaaga. Imenitoka kichwani.

Jumanne, 18 Machi

Balaa! Ijumaa ni siku ya familia. Kila mmoja aje na mtu wake wa nyumbani. Nikakimbilia kusema rafiki yangu hana nafasi. Nesi akasema hakuna neno, basi aje ndugu yake rafiki.

Nimewaza mpaka kichwa kimeuma. Mwishowe nikapata dawa: Mama Chai, anayeuza chai na maandazi mlangoni pa karakana yangu. Atakuwa dada wa rafiki yangu. Nikamfundisha. Aseme kwamba kaka yake tangu utotoni alikuwa mpole, mwenye kipaji, na alipotoshwa na marafiki. Akauliza, marafiki ni mimi? Nikasema asiingie ndani sana. Akauliza kama anaruhusiwa kulia. Nikasema kidogo. Akataka kujua siku, saa na mlango wenyewe. Halafu akaniuliza kama mke wangu yuko nyumbani, anataka kumrudishia sufuria yake, akafunga biashara papo hapo akaenda.

Mwanamke mtulivu sana. Hata hakuuliza kwa nini rafiki asije mwenyewe.

Ijumaa, 21 Machi

Naandika mkono ukiwa mwepesi, na sababu si kinywaji.

Nilifika mapema. Viti vimeongezwa, duara limekuwa kubwa. Dereva amekuja na mkewe, na kumbe ni kweli, hacheki utani wake. Mama Chai hayupo. Saa ikafika, hayupo. Nikawa nalipanga neno la kumtetea, mara mlango ukafunguliwa.

Mke wangu. Amevaa lile gauni lake la kijani analoliweka kwa ajili ya mambo ya maana. Nyuma yake mama mkwe. Nyuma ya mama mkwe shemeji, kanyoa ndevu!

Nilitafuta pa kuingia. Niliifikiria hata ile meza ya chai. Mke wangu akaja moja kwa moja, akakaa kando yangu, akaninong'oneza:

“Dada yake rafiki yako amepata udhuru. Nimekuja badala yake.”

Nikamwambia leo mazoezi ya kwaya yameahirishwa. Akasema amesikia.

Nesi akakaribisha wageni waseme wakipenda. Nikamwomba Mungu wasipende. Mke wangu akainua mkono kama yuko darasani.

“Mimi pia nina rafiki,” akasema. “Mume wake anachora mabango.”

Hakuna aliyetikisika. Nesi akamuuliza, kwa sauti ileile anayoniuliza mimi, rafiki yake anaendeleaje.

“Amechoka. Lakini yupo. Alihamia chumba cha mama yake, akamwambia mumewe kwamba anakoroma. Haikuwa kukoroma. Mumewe akikoroma ndiyo yeye anapata usingizi, anajua yu hai. Kinachomtisha ni pale anaponyamaza. Alikuwa anaamka, anaweka kidole mbele ya pua ya mumewe, anangoja kama pumzi itakuja. Akawa anaogopa kulala. Mwisho akahama, asiwe wa kwanza kujua.”

 Akayatazama magoti yake.

“Rafiki yangu hataki kwaya. Anamtaka mumewe.”

Nikatazama mikono yangu. Nilikuwa na mipango kadhaa. Kukohoa. Kuzimia. Kusema mabango yanachorwa na watu wengi.

“Mwambie rafiki yako,” nikasema, na sauti ikanikatikia. Nikaanza tena. “Mwambie huyo mumewe ni mimi.”

“Anajua,” akasema.

“Mwambie nakunywa. Sitaki tena. Na peke yangu siwezi.”

“Hayo ndiyo alikuwa hajaambiwa,” akasema, akanishika mkono pale pale mbele ya watu.

Mwalimu wa hesabu akapiga makofi mara moja, akaona haya, akaacha. Dereva akamalizia, na ile mikono yake ukumbi ukatetemeka. Nikauliza wamejua tangu lini. Mama mkwe akasema tangu siku ya kwanza.

“Mwanangu,” akasema, “kwaya ya mtaa ule ni ya wanawake tu. Mimi mwenyewe nimeimba humo.”

Ukumbi ukaangua kicheko. Nikacheka na mimi, nikalia na mimi, vyote pamoja, sikuweza kuvitenganisha. Shemeji akanipa leso. Safi. Hata hilo akaliweza.

Tulirudi sote kwa miguu, jua bado lipo. Tulipopita kwenye baa shemeji alinishika kiwiko, akaanza kisa cha bawaba, akakumbuka kwamba si lazima tena. Nikamwambia amalizie. Si kisa kibaya kile.

Nyumbani mke wangu aliingia chumbani kwa mama yake, akatoka na mto wake kwapani, akapita mbele yangu akaenda kuuweka mahali pake. Nikamuuliza, na kukoroma je?

“Koroma,” akasema. “Koroma kadiri unavyoweza.”

Jumamosi, 5 Aprili

Mambo yanakwenda. Si kila siku sawa, lakini yanakwenda. Juzi nilipata furaha kubwa, nimepewa kazi ya kuchora ukuta mzima wa wodi ya watoto, na kabla ya kitu kingine nikampigia Dereva. Akashangilia kwenye simu mpaka mkewe akamwuliza nani amezaa. Kikundini tunakwenda wawili, wazi, bila kofia.

Nimejifunza jambo kubwa katika haya yote: mtu asiwafiche watu wake. Nimeliandika hapa kwa herufi nzuri.

Sasa kuna dogo limejitokeza. Tangu niache pombe nimeangukia vitamu. Biskuti, halua, peremende, maziwa mazito matamu ya kopo, nalamba hata kijiko. Leo daktari ameniambia sukari yangu imepanda, na kuna mtaalamu wa lishe anayewafundisha watu pale zahanati kila Alhamisi asubuhi. Nimekubali kuhudhuria.

Lakini jamani, nyumbani wamekwisha kuhangaika na mimi vya kutosha. Niwape mzigo mwingine? Haya mambo madogo mtu anayamaliza mwenyewe, taratibu, bila kelele.

Kwa hiyo jioni, tukiwa mezani, nimewaambia nimejiunga na mafunzo ya uamuzi wa mpira wa miguu, kila Alhamisi asubuhi.

Mke wangu akaweka kijiko chini, akamtazama mama yake. Mama yake akamtazama shemeji. Shemeji akatazama kisahani cha halua kilichokuwa mbele yangu, akakivuta kwake taratibu, akasema amepita pale uwanjani mara nyingi na angependa kunisindikiza. Mama mkwe akainuka ghafla akatoka, anajishika mbavu. Nadhani ni ubaridi.

Imepita vizuri sana. Nimeshanunua filimbi.